Kitambaa cha kubebea mgonjwa kikichoka, tukikate

Maneno kwa wanachama na wafadhili, mkutano mkubwa wa umoja wetu, Baraka



Nimeombwa niseme juu ya vitambaa vya kubebea wagonjwa, vile vyenye mikanda ya kushikia pembeni, ambavyo umoja wetu unaviweka vijijini. Wengi wetu tumerudi kutoka Tanzania, kutoka Lugufu na Nyarugusu, tangu 2005 meli zilipoanza kushusha watu hapa Baraka. Munajua wenyewe: huko milimani kuna vijiji ambako gari haifiki, hata pikipiki inashindwa wakati wa mvua. Mgonjwa anashuka kwa mikono ya majirani. Wazee walitumia tipoyi ya miti na kamba. Leo tuko na kitambaa, chepesi, kinakunjwa, kinapita njia nyembamba.

Lakini kuna tofauti. Mti wa tipoyi ukitaka kuvunjika, mara nyingi unalia kwanza, na wabebaji wanasikia. Kitambaa hakilii. Kinapasuka mara moja, na mama mwenye uchungu wa kuzaa yuko chini juu ya mawe. Njo maana leo nataka tukubaliane jambo moja: kitambaa kilichochoka kikatwe, hata kama kilitoka kwa mfadhili, hata kama kwa macho bado kinaonekana kizuri.

Kitu gani kinachosha kitambaa? Kwanza jua. Tukikianika juani siku nzima, nyuzi zinakufa polepole. Tukianike kivulini penye upepo. Pili javeli. Kwa kufua kila siku, maji na sabuni ya kawaida vinatosha, kisha kukisuuza vizuri. Hapa kwetu, kando ya ziwa, kolera inarudi mara kwa mara. Kitambaa kilichobeba mgonjwa wa kolera lazima kipite kwenye klorini, kwa kipimo cha muganga wa sante, si kwa kukisia. Baadaye kisuuzwe sana, na iandikwe kwenye kaye, sababu kila dawa ya namna hiyo inapunguza umri wake. Tatu unyevu na panya: kisikunjwe kibichi, kisikae chini kwenye kona ya nyumba. Nne, kukokota. Kitambaa ni cha kunyanyua, si cha kuburuta.

Kabla ya kila safari, watu wawili wakitandaze penye mwanga. Waangalie mahali mkanda unaposhonewa, maana hapo ndipo mzigo wote unakaa. Wavute kila mkanda kwa nguvu. Wakiona nyuzi zimeachia, tundu, mkanda umelika, kitambaa kimekuwa kigumu ama kimefifia sana, kisitumike. Tusikipeleke kwa fundi wa cherehani. Fundi wetu ni mzuri, lakini uzi wa kushonea gauni haukutengenezwa kubeba mtu. Na kile kilemba kidogo cha kiwandani kinachoonyesha kilo, musikikate. Kilo zile ziandikwe pia kwenye kaye tangu siku ya kwanza.

Namna ya kumweka mgonjwa: usimvute juu ya kitanda, ngozi yake itachubuka. Kunja kitambaa nusu kwa urefu, mgeuze mgonjwa ubavu, sukuma mkunjo nyuma ya mgongo wake, mgeuze upande mwingine, kisha tandaza. Wabebaji wawe wanne ama sita, wenye kimo kinachokaribiana. Mmoja tu ndiye anahesabu: moja, mbili, tatu, juu! Magoti yakunjwe, mgongo unyooke. Mukipanda mlima, kichwa cha mgonjwa kitangulie. Mukishuka, miguu itangulie. Mama mwenye mimba kubwa alazwe ubavu wa kushoto. Anayetapika ama aliyezimia naye alazwe ubavu, asije akakabwa na matapishi.

Na kuna mtu ambaye kitambaa hiki si chake: aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, ama aliyegongwa na pikipiki, tukiogopa shingo au mgongo. Kitambaa kinajikunja, na mgongo wake utajikunja pamoja nacho. Huyo anataka ubao uliolala sawa, hata mlango wa nyumba, na mtu wa kushika kichwa kisicheze.

Sasa neno kwa wafadhili. Uingereza, sheria ya 1998 inataka vifaa vya kuinulia watu kwa mashine vikaguliwe na mjuzi, kwa kawaida kila miezi 6. Huko kitambaa kibovu kinaondolewa, na hakuna anayeona haya. Kwetu, mlinzi wa kitambaa anaogopa kukitupa, sababu siku ya ripoti ataulizwa: kile tulichokupa kiko wapi? Basi anakitunza kibovu ili hesabu itimie. Tunawaomba mambo mawili: pesa za kubadilisha ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na kitambaa kilichokatwa kihesabiwe kama kazi iliyofanyika, si kama mali iliyopotea.

Na kwetu wanachama: kila kijiji kichague walinzi wawili, mwanamke na mwanaume, na kaye moja. Mlinzi akisema "hiki hapana", hata shefu asimlazimishe. Kitambaa kibovu kikatwe vipande vinne mbele ya komite, ili usiku wa haraka mtu asikiokote tena. Vipande vitatufaa kufunika mihogo mvua ikinyesha.

Jirani anayetuamini na mwili wake anastahili angalau hilo.