Askari Anaposhitakiwa, Nani Hulipa?



Mwananchi aliyeonewa na askari ana milango miwili: kulalamika kwa wakubwa wa askari huyo, au kufungua kesi ya madai mahakamani. Yaliyotokea mjini Chicago, Marekani, yanaonyesha kila mlango unafika wapi.

Huko, kati ya mwaka 1972 na 1991, watu zaidi ya 100, karibu wote weusi, waliteswa na Jon Burge, mkuu wa upelelezi, na askari waliokuwa chini yake. Walitiwa umeme, wakazibwa pumzi kwa plastiki, mpaka wakakiri makosa. Wengine walihukumiwa kifo kwa maungamo hayo. Mwaka 1982 daktari wa mahabusu alimwandikia mkuu wa polisi barua, akaeleza majeraha aliyoyaona kwa macho yake. Barua ilizunguka katika majalada, hakuna aliyeshitakiwa. Malalamiko mengine yalichunguzwa na polisi wenyewe, na kesi ya nyani mnajua anapelekewa nani.

Burge alifukuzwa kazi mwaka 1993, baada ya mmoja wa walioteswa kumdai mahakamani na ushahidi kuanza kujitokeza hadharani. Lakini muda wa kumshitaki kwa mateso yenyewe ulikwisha kupita. Kilichomnasa ni kesi nyingine ya madai. Mwaka 2003 aliulizwa humo kwa maandishi kama alitesa watu, naye akakana chini ya kiapo. Kwa uongo huo alitiwa hatiani mwaka 2010, akafungwa miaka minne na nusu. 

Hata hivyo, ndugu zangu, tutazame mfuko. Mamilioni ya dola ya fidia yalitoka katika hazina ya mji, yaani katika kodi, pamoja na kodi ya majirani wa walioteswa. Mwaka 2011 bodi ya pensheni ya polisi iligawanyika, 4 kwa 4, na Burge akabaki na pensheni yake. Naona hapo sheria ilikuwa na kasoro kubwa: mkosaji hakuguswa mfukoni.

Mwaka 2015 halmashauri ya mji ilipitisha fidia ya dola milioni 5.5, ikaagiza pia habari hii ifundishwe shuleni, darasa la 8 na la 10. Burge alifariki mwaka 2018, akiwa bado anapokea pensheni.