Muziki wa Ndani Uhesabiwe Kuanzia Wilayani

Hoja ya kuzilazimisha redio zetu zipige muziki wa nyumbani haiishi kurudi, na kila ikirudi huja na asilimia zake: mmoja anataka sitini, mwingine sabini, mwingine tisini. Leo sina ugomvi na asilimia. Ninachosema ni kwamba kwa mtu wa wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, muziki wa Tanzania ukifika hata asilimia mia hautabadilisha kitu, ikiwa kanuni haijali unatoka pembe gani ya Tanzania.

Bongo Fleva haikungoja amri ya serikali. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa redio binafsi, na zaidi kuanzia miaka ya 2000, vijana waliorekodi Dar es Salaam waliwapokonya Wakongo na Wamarekani nafasi kwa sababu wasikilizaji waliwapenda. Leo ukipita kwenye maduka ya Karatu mjini, barabara ya kuelekea lango la Lodoare, au ukishuka Mang'ola wakati wa kuvuna vitunguu, redio iliyowashwa mara nyingi inamwimbisha Mtanzania. Kwa kipimo cha uraia wa mwimbaji, kituo kinafaulu bila kutoa jasho. Lakini ukanda huohuo ndio makazi ya Wairaqw, Wadatoga, Wamaasai, Wasonjo na Wahadzabe, wanaozungumza lugha za Kikushi, Kiniloti na Kibantu, pamoja na Kihadza ambacho wanaisimu hawajathibitisha ndugu yake. Ni sehemu chache mno za Afrika zenye mchanganyiko wa namna hiyo. Nyimbo za watu hawa zipo, tena zina soko. Mwulize kijana wa stendi anayewajazia watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Zinapigwa harusini na kwenye simu za wachungaji wa mifugo. Redioni, zikibahatika, zinangoja sikukuu ya kitaifa au ujio wa mgeni rasmi.

Nchi zilizotutangulia katika kanuni hizi zinatuonyesha kwamba kazi ngumu ni kuamua kipi kihesabiwe. Canada ilianza mwaka 1971 na asilimia 30. Miaka 20 baadaye albamu ya Bryan Adams, raia wake na nyota wa dunia, ikakosa sifa za kuitwa ya Canada, kwa kuwa nyimbo alizitunga pamoja na Mutt Lange, asiye raia. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1994, ikaanza kubana mwaka 1996: asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za vipaji vipya au kazi mpya. Hiyo nusu ndiyo akili ya sheria yenyewe, maana bila hiyo vituo vingejaza fungu lao kwa wakongwe walewale. Hata hivyo vilipata mwanya, vikawa vinazungusha nyimbo chache asubuhi hadi jioni, hadi sheria ikarekebishwa mwaka 2016 kuvibana. Kwetu mwanya ni mpana zaidi. Wimbo wa Mmaasai wa Narok, Kenya, ni wa kigeni, ingawa Mmaasai wa Loliondo anauitikia neno kwa neno, na wimbo uliotengenezwa Sinza kwa mdundo wa Lagos ni wa ndani.

Wapo wanaosema kuzitengea nafasi redioni nyimbo za lugha za makabila ni kufufua ukabila, na katika nchi hii hoja hiyo haipuuzwi. Kanuni za utangazaji zimetaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine kwa kibali, na sababu yake inaeleweka. Lakini kutangaza habari kwa Kiiraqw ni jambo moja, na kupiga wimbo wa Kiiraqw kisha mtangazaji akaueleza kwa Kiswahili ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2001 Saida Karoli aliitikisa nchi nzima kwa Kihaya. Na mjini Arusha, kundi la X Plastaz waliuingiza uimbaji wa Kimaasai ndani ya hip hop na kuufikisha Ulaya. Kama kuna Mtanzania aliyegombana na jirani yake kwa sababu ya "Maria Salome" ya Saida, basi ana matatizo mengine.

Hoja ya matangazo ya biashara ni nzito kuliko hiyo. Redio ya wilaya huishi kwa matangazo ya maduka, shule binafsi na salamu za kulipia, na msikilizaji akihama na mapato yanahama naye. Shirika la utangazaji la Afrika Kusini, SABC, liliamuru asilimia 90 ya muziki wa ndani mwaka 2016, likapoteza wasikilizaji na fedha, na mwaka uliofuata likaiacha amri hiyo. Kenya ilikuwa imeonja hayo mwaka 1980, redio ya taifa ilipoambiwa ipige asilimia 75 ya muziki wa Kenya, agizo halikudumu. Mimi naona kosa lao lilikuwa pupa. Saa moja ya nyimbo za wilaya kila mchana, si usiku wa manane, haiwezi kuua kituo. Na redio ndogo haitaishinda ya Dar es Salaam kwa kupiga nyimbo za Dar es Salaam. Kitu pekee ambacho mshindani wake hana ni olaranyani, kiongozi wa nyimbo wa Kimaasai, wa Endulen akianzisha wimbo na wenzake wakimjibu kwa sauti nzito za kooni.

Watasema rekodi hazina ubora. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana amri bila studio ni karatasi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na muziki wa kwetu kwa sababu bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilirekodi kwenye studio yake yenyewe, wakati nchi ikitegemea Nairobi kuchapa santuri. Redio ya wilaya leo inahitaji maikrofoni mbili na kompyuta. Irekodi, iandike jina la kikundi, iwasaidie kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwani wimbo usio na jina kwenye orodha ya kituo hauna mirabaha. Na iombe ruhusa kwanza. Ngoma ya epeme ya Wahadzabe huchezwa gizani, usiku usio na mwezi, na wenyewe wana haki ya kukataa isirushwe.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, tayari inatofautisha leseni kwa eneo: za taifa, za mkoa, za wilaya, za jamii. Basi sharti la muziki lifuate leseni. Kituo cha taifa kipimwe kwa taifa, na kituo kilichopewa masafa ya Karatu kipimwe kwa Karatu na majirani zake, kwa kuanzia sehemu moja kati ya kumi ya saa za mchana, huku kazi za jamii ya ng'ambo ya mpaka inayoongea lugha ileile zikihesabiwa nusu. TCRA iliweke hilo katika masharti ya leseni, na halmashauri za Karatu na Ngorongoro, zinazopokea watalii mwaka mzima, zichangie hizo maikrofoni.