Honi Si Breki: Dereva na Mwenye Baiskeli Barabarani

  Leo hatutazungumza juu ya malaria wala kuhara. Tutazungumza juu ya ajali, hasa zile za gari na baiskeli.

Pengine utauliza, ajali na afya vinahusiana vipi? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao walikuwa watu wa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hapa Kenya, mwaka 2023 walikufa zaidi ya watu 4,000. Ugonjwa unaoua watu wengi hivyo tungeuogopa sana. Na huu, kama magonjwa mengine, una kinga.

Hebu tuchukue mfano. Ni jioni. Kijana ametoka sokoni Garissa, amevuka daraja la Mto Tana, sasa amepita Madogo akielekea nyumbani kwao. Nyuma ya baiskeli amefunga unga na mtungi wa mafuta ya kupikia. Nyuma yake linakuja lori linaloelekea Nairobi. Dereva anapiga honi mara tatu. Anaamini kuwa ametimiza wajibu wake, na kwamba kijana atampisha.

Kijana anasikia na kutoka kwenye lami. Lakini kandokando ya lami yetu kuna nini? Kuna mchanga. Tairi la mbele linazama, usukani unageuka ghafla, na mzigo unamvuta. Akiangukia upande wa barabara, ataanguka mbele ya magurudumu ya lori.

Msikilizaji, hapa ndipo penye somo letu la leo. Honi si breki. Honi humjulisha mtu kwamba upo, lakini haimpi mahali pa kwenda. Mwenye baiskeli yenye mzigo hawezi kuruka kutoka kwenye lami kama mbuzi. Anayeweza kuzuia ajali hiyo kwa urahisi ni yule mwenye breki yenye nguvu, yaani dereva.

Basi wewe dereva, fanya hivi. Ukiona baiskeli mbele yako, punguza mwendo mapema. Kama kuna gari linalokuja upande wa pili, usijipenyeze katikati. Kaa nyuma ya baiskeli mpaka njia iwe wazi. Utapoteza sekunde chache tu, na safari ya Nairobi ni ya kilomita 370 hivi. Unapopita, mwachie nafasi ya mita moja na nusu. Kama hujui mita moja na nusu ni kiasi gani, fikiria fimbo ndefu ya mchungaji wa ngamia imelazwa kati yenu. Lori kubwa lina upepo wake, na upepo huo peke yake waweza kumyumbisha mtu. Mpishe vivyo hivyo mwenye mkokoteni wa punda anayeuza maji.

Pili, chunga mwendo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inasema mwisho ni kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja tu, kabla hata mguu haujafika kwenye breki. Wanaokimbiza miraa kutoka Meru, na wanaowahi futari mwezi wa Ramadhani, wakumbuke hesabu hiyo. Tena wakati wa jioni, ukielekea Madogo kutoka mjini, jua hukupiga machoni. Usipoona vizuri, punguza mwendo.

Na wewe mwenye baiskeli, nawe una wajibu. Endesha upande wa kushoto, uelekeo mmoja na magari. Wengi huenda wakikabiliana na magari wakidhani ni salama zaidi, lakini dereva anayeingia barabarani hatarajii kukuona ukitokea upande huo. Nenda moja kwa moja bila kuyumba. Kabla ya kukata kona, geuza kichwa utazame nyuma, kisha nyoosha mkono. Mkiwa wawili, fuataneni, msiende sambamba mkizungumza. Funga mzigo katikati, usizidi nguvu za breki zako.

Baada ya magharibi, hakikisha unaonekana. Weka taa nyeupe mbele na reflekta nyekundu nyuma. Nguo nyeupe husaidia, lakini haichukui nafasi ya taa. Ukiweza kupata helmeti, ivae na uifunge chini ya kidevu, kwa sababu jeraha la kichwa ndilo linaloua.

Mzazi, usimtume mtoto mdogo dukani ng'ambo ya barabara kuu kwa baiskeli ya mtu mzima. Miguu haifiki chini, na breki hazimtoshi mkono.

Je, ajali ikishatokea? Kwanza simamisha magari mengine. Usimwinue majeruhi kwa kumshika mikono na miguu na kumtupa nyuma ya pikapu. Kama shingo au mgongo umeumia, unaweza kumpoozesha. Kama hakuna hatari ya moto au magari, mwache alivyo na mshikilie kichwa kisitikisike. Damu ikitoka kwa wingi, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimpe maji wala chai. Piga simu 999 au 112. Hata akisema hajambo, kama aligonga kichwa apelekwe hospitali, maana damu huweza kuvuja ndani polepole.

Msikilizaji, tukumbuke mambo matatu. Dereva, punguza na usubiri. Mwenye baiskeli, onekana na uende kushoto. Sote, tumshike majeruhi kwa uangalifu. Lami ni ya mwenye lori na ni ya mwenye baiskeli pia, na kila mmoja anasubiriwa nyumbani jioni.