Mwaka Mpya na Mipaka ya Mashamba



Sifa kwa Mungu aliyetufikisha mwaka huu mpya, ulio mwaka wa yubile ya parokia yetu. Mengi yatasemwa juu ya mapadri na walimu wa dini waliotutangulia hapa Bengamisa, na ni haki. Lakini mimi nataka kusema juu ya mashamba.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, yubile si karamu tu. (Karamu iko, na mbuzi amekwisha kufungwa.) Ni mwaka ambamo baragumu inalia, mtumwa anaachwa huru, na udongo unarudi kwa jamaa yake. Sasa ni majira ya jua, wakati wetu wa kufyeka pori mbele ya kuchoma na kupanda. Ndio wakati wa magomvi ya mipaka. Mwaka 2023, ngambo ya kushoto ya mto, kule Lubunga, Wambole na Walengola waliuana kwa ajili ya udongo, na maelfu ya watu wakakimbia. Pande zote mbili mlikuwa na wabatizwa kama sisi.

Basi, anayetaka kuanza mwaka pamoja na Mungu asikate hata mti mmoja mahali penye ubishi mbele ya kusikilizana na jirani yake. Wakubwa wa jumuiya za msingi watatembea pamoja na jamaa zote mbili, wataweka alama kwenye mpaka machoni pa watoto. Kisha moto uwashwe.