ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO
Mazungumzo yetu na wanachama wa Kibaha na Kisarawe juu ya mikutano ya dunia ya intaneti



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya mikutano ya mataifa inayohusu intaneti. Wako watakaosema jambo hili ni la wakubwa wa Geneva na New York, halimhusu mkulima wa korosho wa Maneromango wala mama ntilie wa Maili Moja. Twawaomba wasubiri kidogo. Korosho za mkulima huyo siku hizi hunadiwa kwa mtandao, na fedha za mama huyu hupita katika simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania pamoja na majirani zetu tukakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Basi jambo lililo chini ya bahari limo pia mfukoni mwetu. Na taratibu zake hupangwa mikutanoni. Asiyekuwepo na lake halipo.

Wazee wetu walilijua hilo. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, jirani na Kisarawe, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Hakuwa na jeshi wala cheo cha serikali. Nyuma yake kilikuwapo chama ambacho hakijatimiza hata mwaka mmoja. Alitaka itamkwe wazi kwamba Tanganyika, ingawa ina watu wa rangi mbalimbali, itakuwa nchi ya Waafrika kwanza. Kisha akarudi kwa watu wake, akawaeleza. Tushike mambo mawili: alitumwa na watu, na alirudi kwa watu.

Sasa tuitazame intaneti. Kila mwenye shamba hapa anajua nguvu ya mtu anayeshika daftari la viwanja. Intaneti nayo ina daftari lake, la majina na anwani. Mwaka 1998 liliundwa huko California shirika liitwalo ICANN kulitunza, na serikali ya Marekani ikawa mwangalizi. Mataifa mengi yaliuliza: kwa nini daftari la dunia nzima liangaliwe na serikali moja? Yakakutana Geneva mwaka 2003, yakakutana tena Tunis mwaka 2005. Walichopata Tunis hakikuwa daftari. Walipata baraza la kusemea, yaani Jukwaa la Utawala wa Intaneti, lililoanza Athens mwaka 2006, likafika Nairobi mwaka 2011 na Addis Ababa mwaka 2022. Uangalizi wa Marekani ulikoma tarehe 1 Oktoba 2016. Mwezi Mei 2025 mkutano wa jukwaa la Afrika ulifanyika hapa jirani, Dar es Salaam, na Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali jukwaa la dunia liwe la kudumu.

Jukwaa hilo halitungi sheria. Kwa hiyo wako wanaolidharau, wakisema ni maneno matupu. Sisi hatusemi hivyo. Baraza la Udhamini halikutupa uhuru mwaka 1955, lakini maneno yaliyosemwa pale hayakuweza kurudishwa kinywani. Mnyonge asiye na mizinga wala mitaji ana silaha ya hoja, na hoja hutaka mahali pa kusemewa.

Lakini kuhudhuria peke yake hakutoshi. Kipimo cha ushirikiano mnacho hapa Kibaha. Mwaka 1963 Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi zilishirikiana nasi kuanzisha mradi ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha: shule, afya na mafunzo ya wakulima. Januari 1970 wakatukabidhi. Huo ndio ushirikiano wa kweli, wenye siku ya kukabidhi funguo. Msaada usio na siku hiyo ni kamba ndefu ya mbuzi: anaona anatembea, kumbe amefungwa. Basi wajumbe wetu wanapoletewa mradi wa nyaya, wa mitambo au wa kutunza kumbukumbu za wananchi, waulize kwanza: vijana wetu watafundishwa lini kuuendesha, na funguo tutapewa lini?

Tena, funguo zikija lazima nyumba itunzwe. Daftari la anwani za Afrika liko Mauritius, mikononi mwa AFRINIC, shirika lililotambuliwa mwaka 2005. Hilo ni letu Waafrika. Hata hivyo kesi na magomvi viliifanya bodi yake ishindwe kukaa kwa miaka, mpaka uchaguzi wa Septemba 2025. Hatuwezi kumlaumu mgeni kwa nyumba tuliyoshindwa kuikalia.

Liko na la nyumbani, na hatutalificha. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, ikarudi baada ya siku kadhaa. Siku ile hapakuwa na nanga ya meli iliyokata waya baharini. Mjumbe wetu atadai vipi sauti ya Afrika isikike Geneva, ikiwa sauti ya Mtanzania haikusikika Kibaha? Kujitawala ni kwa wananchi, si kwa serikali peke yake. Waya aliouzima mwenyewe na waya aliouzima mgeni, giza lake ni moja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunadai mambo matatu. Wajumbe wanaokwenda mikutanoni wasikilize wananchi kabla ya kuondoka, na wakirudi watoe hesabu mbele yao, kwa Kiswahili. Vijana wa Kibaha na Kisarawe wafundishwe kujenga na kuendesha mitambo, wasiishie kuwa wanunuzi wa vocha. Na sheria iseme wazi kwamba mawasiliano ya wananchi hayazimwi kwa amri.

Mwaka 1955 sauti ya Pugu ilifika New York. Leo njia ya kwenda huko ni fupi kuliko wakati ule. Tusikubali kuikalia kimya.