Ahadi ni Deni
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Leo mtapiga kura kama tuingie katika kamati moja na chama kile kikubwa ili tudai mishahara pamoja, au tukae peke yetu. Kabla ya kura hiyo twataka kuwapa habari ya Uingereza, maana ina mafunzo kwetu.

Mwezi wa Mei 2010 palikuwa na uchaguzi huko. Chama cha Conservative kilipata viti 306 katika Bunge la viti 650, havikutosha kutawala. Basi kikaungana na Liberal Democrats, wenye viti 57, wakafanya serikali ya mseto. David Cameron akawa Waziri Mkuu, na Nick Clegg, kiongozi wa chama kidogo, akawa Naibu wake.

Kabla ya uchaguzi, wagombea wa chama hicho kidogo walitia sahihi kwamba watapinga nyongeza yo yote ya karo za vyuo vikuu. Vijana wengi waliwapa kura kwa neno hilo. Lakini tarehe 9 Desemba 2010 Bunge lilikubali kikomo cha karo katika England kitoke pauni 3,290 kifike pauni 9,000 kwa mwaka. Wabunge 21 wa chama hicho walipinga. Clegg na wengi wa mawaziri wenzake waliunga mkono.

Tuseme haki: hawakukaa serikalini bure. Waliahidi kwamba pauni 10,000 za kwanza za mapato ya mtu zisitozwe kodi, na jambo hilo likafanyika. Lakini watu hawakulihesabu. Walikumbuka sahihi iliyovunjwa. Mwaka 2012 Clegg aliomba radhi, na radhi haikusaidia. Katika uchaguzi wa 2015 viti 57 vilibaki 8. Na chama kikubwa? Kilipata viti vya kutosha, kikatawala peke yake. Mdogo alibeba lawama, mkubwa akabeba faida.

Ndugu zetu, hatusemi tusiungane. Kidole kimoja hakivunji chawa. Twasema hivi: tusiingie mikono mitupu. Kwanza, tuandike leo, hapa hapa, mambo ambayo hatutayaacha hata mkubwa akikasirika. Kama malipo ya saa za ziada hayauzwi, semeni sasa, yaandikwe. Pili, wajumbe wetu wasitie sahihi mapatano yo yote mpaka wamerudi kwenu. Tatu, sisi viongozi tusiwaahidi tusiyoweza kuyatimiza, kwa kutaka kupigiwa makofi tu.

Mkitutuma hivyo, tutakwenda. Na tukirudi na kinyume cha tuliyoandika, msingoje miaka mitano. Tuulizeni siku hiyo hiyo.