Madirisha Yaliyofunguliwa Kila Siku

Somo: Danieli 6:1–10

Leo nataka tuzungumze juu ya mambo madogo tunayoyarudia kila siku, maana hayo ndiyo yanayoijenga nafsi au kuibomoa.

Hakuna mtu asiye na mazoea. Yuko anayeamka na kushika simu kabla hajamshukuru Mungu aliyemwamsha, na habari za mauti na ugomvi ndizo zinazomkaribisha asubuhi. Yuko baba anayerudi kutoka kazini, akakaa kitini, akanyamaza mpaka usingizi umchukue. Mkewe na watoto hawajui kama amekasirika au amechoka. Hayo nayo ni mazoea. Hatukukaa chini tukayachagua, lakini yanatutawala.

Sasa tumtazame Danieli. Wengi wetu tukisikia habari za tundu la simba humfikiria kijana mwenye nguvu. Lakini Danieli alichukuliwa mateka yapata mwaka 605 kabla ya Kristo, na Babeli ilianguka mikononi mwa Wamedi na Waajemi mwaka 539 kabla ya Kristo. Kwa hiyo huyu tunayemsoma katika sura ya 6 ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Tena ni mzee mwenye kazi nyingi, mmoja wa wakuu watatu waliowekwa juu ya maliwali 120. Kama kuna mtu ambaye angeweza kusema hana nafasi, ni yeye.

Wenzake walipomwonea wivu, walimshauri mfalme atie sahihi amri kwamba kwa siku 30 mtu yeyote asiombe kwa mungu wala kwa mwanadamu ila kwa mfalme. Danieli alipojua ya kuwa amri imetiwa sahihi, alifanya nini? Aliingia nyumbani, katika chumba cha juu chenye madirisha yaliyoelekea Yerusalemu. Akapiga magoti mara tatu kwa siku, akaomba na kushukuru, kama ilivyokuwa desturi yake tangu zamani.

Ndugu yangu, uzito wa habari hii uko hapo. Danieli hakuanza kuomba siku ile. Hata adui zake walilijua zoea lake, ndiyo maana walitega mtego wao juu yake. Walijua watamkuta wapi na saa ngapi. Siku ya hofu ilipofika, magoti yake yaliijua njia. Hebu tujiulize: mtu akitaka kututega sisi, angetutega kwa zoea gani?

Tena angalia upande madirisha yale yalikoelekea. Hekalu la Yerusalemu lilichomwa moto mwaka 586 kabla ya Kristo. Danieli alikuwa akiomba kuelekea mji uliovunjwa. Alishika ombi la Sulemani katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 8, kwamba watu wakiwa utumwani wakaomba kuelekea nchi yao na nyumba ile, Mungu asikie. Labda dirisha lako nawe linatazama magofu: kaburi la mwenzi wako, kazi iliyokwisha, mtoto aliyeondoka nyumbani na haandiki wala hapigi simu. Danieli hakulifunga dirisha ili asione. Alilifungua akaomba, na ndani ya maombi hayo akashukuru.

Bwana wetu Yesu naye alikuwa na desturi yake. Marko sura ya 1 yatuambia kwamba jioni moja watu wa mji walikusanyika mlangoni, naye akaponya wengi. Baada ya usiku kama huo sisi tungesema, leo nilale mpaka jua liwe juu. Yeye aliondoka alfajiri mapema sana, akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Simoni alipomfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, Yesu hakurudi kwa ajili ya makelele ya watu. Alikwenda miji mingine kuhubiri, maana alijua alichotumwa kufanya. Mtu aliyekaa kwanza na Baba yake hasukumwi ovyo na kila anayemwita.

Basi tufanye nini? Chagua saa, chagua mahali, anza na kidogo. Dakika kumi zatosha. Asubuhi, kabla ya simu na kabla ya redio, piga magoti kando ya kitanda, utaje jambo moja la kushukuru na jambo moja unaloliogopa. Mchana, unapoweka jembe chini au kufunga daftari, kaa kivulini kidogo umkumbuke Bwana. Jioni, kabla taa haijazimwa, muulize mwenzako siku yake ilikuwaje, kisha ungoje ajibu. Kama kuna neno kali lililosemwa, lisilale nanyi. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso kwamba jua lisichwe wakiwa bado na hasira.

Huenda wewe ni mlinzi wa usiku, na asubuhi yako ni jioni. Huenda wewe ni mama wa mtoto mchanga, na dakika zako ni zile za kunyonyesha. Mungu anaijua saa yako. Na yule ambaye usingizi umempotea kwa majuma mengi na moyo umekuwa mzito, asijifiche. Amwambie mchungaji wake, aende na kwa daktari pia. Eliya alipochoka hata kutamani kufa, malaika alimletea kwanza mkate na maji, akamwacha alale.

Wala tusidhani kwamba tunamlipa Mungu kwa desturi zetu. Mana jangwani iliokotwa asubuhi kwa asubuhi. Iliyowekwa kinyume cha agizo iliingia mabuu. Neema ya jana haikutosha kwa leo. Lakini pia, aliyekosa jana alikuta mana nje ya hema yake asubuhi iliyofuata. Ukikosa siku moja, usikate tamaa. Kesho fungua dirisha tena.

Tuombe. Ee Baba, utufundishe kukutafuta katika siku za kawaida, ili siku ya taabu itukute tumekwisha kuizoea njia ya kuja kwako. Uwatie nguvu wanaotazama magofu. Uponye nyumba zilizojaa ukimya. Katika jina la Yesu. Amina.

Msikilizaji mpendwa, Bwana akubariki na kukulinda.